Kitenzi Kilicholiwa na Mchwa

Barua yangu ya kibali ina mihuri mitatu,
karani Ijengo anataka wa nne.
Tunakaa. Anamenya karanga, ananimegea.
Saa tano na nusu funguo zinakumbukwa
na stoo ya nyuma ya mahakama, hapa Kondoa,
inafunguka kwa harufu ya popo na gundi ya kale.

Nimekuja kuhesabu.
Msimamizi wangu kule Dodoma, kilimani chuoni,
alisema: "Nadharia tunazo. Lete idadi.
Mikono mingapi, migongo mingapi, mwaka gani, kwa ushahidi upi."
Nikachora safu tano kwenye daftari:
hududi, kisasi, diya, taaziri,
na ya mwisho nikaiacha bila jina.

Siku tisa nasoma Kiswahili kilichovaa herufi za Kiarabu.
Mbuzi kaingia shambani: fidia, debe moja.
Jino limeng'oka ngomani: ngamia watano wa kitabuni
wakawa mbuzi watano wa Kolo, wakapatana, wakala pamoja.
Mikono: hakuna.
Ila kila baada ya kurasa chache, wino mwekundu,
mwandiko wa serikali: hamsa ishirini.
Nimeitafuta hamsa ishirini katika vitabu vyote vya fikihi
nilivyobeba. Haimo.
Hiyo ilikuja na buti.

Siku ya kumi, mwaka wa Mtunya.
Njaa imemaliza ng'ombe wa Ugogo, sasa inakula ngozi za kulalia,
watu wanapanda kaskazini, watoto migongoni.
Mchiwa binti Nhonya, wa upande wa Bahi,
amekamatwa na pishi mbili za uwele wa Mkiva.
Kadhi hana haraka.
Anaupima uwele upya, kwa mkono wake.
Anauliza: kilindo kilikuwa na kifuniko?
Hakikuwa.
Anaandika: kisicho na kifuniko si hifadhi kamili.
Anauliza thamani: robo dinari ni uwele kiasi gani
mwaka ambao dinari hailiki?
Pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
anakumbusha kwamba Madina nayo ilipata mwaka wa majivu
na khalifa akauzuia mkono wa sheria
usiuguse mkono wa mwenye njaa.

Kisha: *Nikamwuliza, umeiba? Sidhani kama umeiba.*
*Akasema, nimeiba.*
*Nikamwuliza tena, maana sikio langu la kulia ni zito.*
*Akasema, nimeiba, Bwana Kadhi, mtoto alikuwa hajafa bado.*
*Nikasema, na la kushoto leo lina upepo.*

Nikaweka kalamu chini.
Ijengo akauliza kama nimeona nyoka.

Nikageuza ukurasa.
Mchwa.
Wamepita katikati ya hukumu kama mto Bubu wakati wa masika,
wakaacha kingo mbili za karatasi
na juu kabisa, silabi mbili:
*aka*

Akakatwa. Akachapwa. Akaachwa. Akapewa.
Akafa, pengine, kabla ya wino kukauka.
Nimekaa na hizo silabi mpaka adhuhuri,
nikizinusa, nikiziinua kwenye mwanga wa dirisha,
kana kwamba karatasi ina upande wa tatu.

Jumamosi iliyopita, soko la Majengo, Dodoma,
kijana alidondosha simu isiyo yake.
"Mwizi!"
Neno moja: shahidi, wakili, hakimu.
Sikusikia mtu akiuliza habari za kifuniko.
Mimi, mwenye sura tatu za tasnifu juu ya shubuha,
nilikuwa na mfuko wa nyanya.
Niliukumbatia zisipondeke.

Jioni msimamizi anapiga simu. "Idadi?"
Namwambia ile safu ya tano, isiyo na jina,
imepata mtu mmoja.
"Vizuri. Alihukumiwa nini?"
Ijengo anafunga stoo, anatikisa kufuli mara mbili.
"Aka," nikasema.
Kimya.
Akadhani mtandao umekatika.